Miguu ya Tarishi

Kaka yangu hajawahi kuruka hata kidimbwi cha maji maishani mwake. Mguu wake wa kushoto ulipooza akiwa bado mtoto wa kubebwa, na tangu alipojifunza kutembea anatembea na gongo. Lakini ukiwauliza wasomaji wa vitabu vya Tarishi, watakuapia kwamba aliyeviandika ni mtu aliyewahi kuparamia kuta za ngome na kukimbizwa na wapanda farasi. Mimi sibishani nao. Mwenye miguu ninamjua. Ni wifi yangu, mke wa kaka, fundi wa kushona kola za mashati ya shule. Kitabuni hatajwi popote, hata kwenye ule ukurasa wa mwanzo ambapo waandishi hushukuru mpaka paka wao.

Tarishi ni mjumbe wa mfalme wa zamani, enzi za panga na baruti na ujumbe uliofichwa kwenye soli za viatu. Kila sura lazima anusurike na kitu. Kaka anajua kuandika watu wakizungumza, anajua kuandika mvua, njaa na harufu ya zizi la farasi. Kilichokuwa kinamshinda ni pale mtu anapotoka kwenye utulivu na kuingia kwenye vurugu bila kituo katikati. "Maneno ninayo tele," alikuwa akisema. "Ila sijui lipi ni la mwendo upi."

Basi tangu alipooa alijitafutia njia. Jumapili mchana tukishakula, meza husogezwa ukutani. Kaka anakaa kwenye kiti chake chenye mikono, karatasi pajani, na wifi anasimama katikati ya sebule, pindo la sketi amelifunga fundo kwa pembeni.

"Umelala," kaka anasema. "Umesikia kwato nje."

Wifi anajilaza kwenye zulia, anafumba macho, kisha huyo juu.

"Hapana. Hapo umeamka. Mimi nataka usingizi ukutupe nje."

Wifi anarudi chini. Safari hii anatupwa nje kweli, magoti yanatangulia, nywele zinafuata.

"Hilo ndilo. Akakurupuka." Na kaka anaandika.

Ilikuwa hivyo mwaka nenda mwaka rudi. Wifi aliruka kutoka kwenye kochi mara nyingi mpaka kaka akaona kwamba anayeruka huwa ameshachagua pa kutua, lakini anayechupa anajiachia mzima mzima na mengine atajua mbele. Alijibana nyuma ya kabati na kutoka humo kwa nguvu, ili Tarishi apate kuchomoka kwenye ufa wa ukuta. Mimi nilipewa kazi ya kumkamata mkono ili achoropoke, na nilimkamata sawasawa, kwa sababu mawifi tukipewa ruhusa ya kukamatana hatufanyi mzaha. Jirani wa chini alikuwa akigonga dari kwa mpini wa ufagio. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Niliwahi kumuuliza wifi kama michezo hii haimchoshi.

"Bora huyu," alisema. "Wenzangu waume zao wanawatuma soda tu."

Alikuwa mwepesi, mwembamba, mikono mirefu, na nadhani fundi anayekunja mgongo wiki nzima kwenye stuli alipenda siku moja ya kujinyoosha. Sifa zilipokuja zilikwenda kwa kaka. Watu walimsimamisha njiani na kumuuliza alikuwa jeshi gani. Wifi alisimama pembeni akishika kikapu, akitabasamu, na mimi nilikuwa nakasirika kwa niaba yake maana yeye mwenyewe hakuwa na habari.

Kisha goti lake likaanza kuvimba. Daktari alilibonyeza, akamwambia ngazi apande polepole na mambo ya kuruka ayasahau. Jumapili iliyofuata wifi alikula, akakusanya sahani, akasema, "Mume wangu, mimi sasa basi." Kaka alimpa pole. Alisema hamna neno, kichwani ana akiba ya kutosha, ataandika mwenyewe siku za kazi sisi tukiwa hatupo. Meza ikabaki katikati ya sebule, na tangu siku hiyo mambo yakaenda mrama.

Mimi na wifi tunafanya kazi karakana moja. Mimi ni mkataji, yeye mshonaji, na meza yangu ya kukatia inatazamana na cherehani yake. Asubuhi moja cherehani zote zinanguruma, kila mtu kainama, wifi akakurupuka. Sisemi kwamba alisimama. Stuli ilianguka, magoti yalikuwa yamekunjwa, na mkono wake wa kulia ulikuwa umekwenda kwenye nyonga ya kushoto kama wa mtu anayetafuta kitu kinachoning'inia hapo. Macho yalikuwa mlangoni. Mwili ulikuwa umeshafika mahali, yeye mwenyewe bado yuko njiani anaufuata.

"Umeumwa na nini?" aliuliza msimamizi wetu, tunayemwita Tepu kwa sababu tepu ya kupimia haitoki shingoni mwake.

"Sijui," alisema wifi. "Nimejikuta."

Jioni nilipita kwao, kama kawaida yangu. Kaka naye kama kawaida yake akatusomea alichoandika mchana. *Tarishi akakurupuka, mkono ukiwa tayari kwenye mpini wa upanga, macho mlangoni.* Upanga wa Tarishi unaning'inia kushoto, kila msomaji anajua. Wifi aliacha kumenya viazi. Alinitazama, nikamtazama. Nilirudi kwangu nikitembea katikati ya barabara, mbali na vichochoro.

Baada ya hapo likawa jambo la kila mara. Tepu alimshika bega ili amwonyeshe kola iliyopinda, na wifi akachoropoka. Kufumba na kufumbua yuko mlango wa stoo, mkono wa Tepu umebaki umeshika hewa. Wenzetu walicheka, Tepu naye akacheka, lakini kuanzia hapo alipokuwa na neno la kumwambia alisimama upande wangu wa meza. Siku nyingine mkono wa wifi ulifyatuka wakati sindano inashuka. Ilipita kwenye ukucha ikatokea upande wa pili.

Nilimfunga kidole kwa kipande cha shati. Alikuwa ametulia kuliko mimi.

"Sikushtuka, wifi," alisema. "Mtu akishtuka moyo unatangulia. Mimi moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa, unafuata mshono. Kitu kimeuchukua mkono, mimi nikiwa nimekaa."

"Kitu gani?"

"Si unakijua? Zamani kaka yako nilikuwa namtolea kwa hiari. Sasa nimekataa, anakuja kuchukua."

Karakana yote ilikuwa na joto la pasi, na mimi nilisikia baridi.

Tulimwambia kaka jioni ile ile. Alicheka. Cheko la kwanza lilikuwa la kweli, la pili la kujikaza. Akaangalia kidole cha mkewe, akaangalia karatasi za mchana, akazisoma kimya kimya, na nikamwona akifika pale penye mkono. Kisha akasema wifi aende jikoni, na mimi nisimame koridoni ambapo ninawaona wote wawili.

Wifi akaendelea kumenya viazi, mgongo ametugeuzia. Kaka akaandika neno moja. Sikusikia hata kalamu. Jikoni wifi akageuka, mguu wa goti bovu ukabeba uzito wote, na kisu kilichokuwa kwenye kiazi kikawa kinanitazama usawa wa tumbo. Alikaa hivyo kidogo. Halafu kisu kikaanguka kwenye sinki na yeye akakaa chini sakafuni akilia kwa maumivu.

Ningependa kusema kaka alifadhaika. Alikuwa anang'aa. "Umeona alivyogeuka?" alininong'oneza. "Kisigino hakikuinuka kabisa. Miaka yote hii nilikuwa nakosea." Nilimchukia kaka yangu jioni ile, na nilimwambia hivyo hivyo bila kupunguza.

Aliona haya baadaye. Aliapa hataandika tena mtu akifanya jambo la ghafla, na kwa muda alishika neno lake. Wifi alishona, kidole kikapona, Tepu akaanza kumsogelea tena. Kisha mchapishaji akapanda ngazi zote akihema, mkononi ameshika jalada la kitabu kipya, kitabu cha mwisho cha Tarishi. Jalada lilikuwa limeshachapwa. Tarishi yuko hewani. Ametoka juu ya ukuta wa ngome, mikono ameitanua, na chini kabisa kuna mto mwembamba kama uzi.

"Imebaki sura ya mwisho tu," mchapishaji alisema. "Watu wanasubiri huu mruko."

Alipoondoka tulibaki watatu tukilitazama jalada. Kaka na wifi wanakaa ghorofa ya tatu. Roshani yao ina ukuta wa kufika kiunoni, na chini yake kuna ua wa saruji ambapo wapangaji huanika nguo. Hakuna aliyehitaji kueleza.

"Ateremke kwa kamba," nilisema.

"Kwenye jalada hakuna kamba."

"Basi afunguliwe lango."

"Mdogo wangu," kaka alisema kwa upole, kama anamfundisha mtoto, "mtu ambaye watu wanasubiri aruke tangu kitabu cha kwanza, humfungulii lango."

Hakuandika. Nitamtendea haki, aliandika kila kitu mpaka Tarishi akafika juu ya ukuta, akamwacha hapo. Lakini kaka huandika kichwani kabla ya kuandika kwenye karatasi, na hatukujua ni wapi hasa jambo lile linaanzia. Wifi alianza kufunga kamba za aproni yake kwenye mguu wa cherehani. Tepu aliona, akapita kimya. Nyumbani hakuenda tena roshani, nguo nilianika mimi. Nilimwambia ahamie kwangu kwa muda.

"Nilikuwa karakana mkono ulipofyatuka," alinijibu. "Kwako ndiko kuna ukuta gani wa kukizuia?"

Nilikuwa naogopa kila nikimwona amesimama karibu na kitu kirefu.

Jumamosi moja mchana alinikuta sokoni akanishika mkono. Alikuwa ameshaamua. "Nitamtolea mapema," alisema. "Miaka yote nilipomtolea kwanza, hakuna kilichonipata kazini. Nikimpa huu mruko, hatakuja kuuchukua." Nilifikiri pande zote na sikuona kosa kwenye hesabu yake. Tukaenda pamoja.

Tulisogeza meza ukutani, nikatandika godoro. Kaka alikaa kwenye kiti chake, karatasi pajani. Wifi akaruka kutoka kwenye kiti, akaruka kutoka kwenye kochi, mwisho akapanda mezani. Kila alipotua aliuma mdomo.

"Haitoshi," kaka alisema. "Meza ni fupi. Unatua kabla sijaona kitu."

"Nirudie?"

Kaka alikuwa anaangalia roshani. "Panda pale tu," alisema hatimaye. "Usiruke. Nataka kuona mtu anavyosimama kabla."

Nilimwambia ana wazimu. Alikuwa analia, na hilo ndilo lililonitisha, machozi yanashuka na kalamu iko tayari mkononi. "Sitaandika akiwa huko," alisema. "Naapa. Nitaona tu. Nikishaona tumemaliza, hatakuwa na la kuogopa tena."

Wifi alimtazama muda mrefu. Sijui alikuwa anatafuta nini kwenye ule uso. Kisha akaburuta stuli mpaka roshani, akapanda, akaweka mguu mzima juu ya ukuta, akauvuta ule mwingine. Mimi nilikuwa nimeshika pindo la gauni lake kwa mikono yote miwili.

"Achia kidogo, mdogo wangu," kaka alisema kutoka kitini. "Unavuta nguo, haining'inii vizuri."

Sikuachia. Ningemng'ata kama angekuwa karibu.

Wifi ndiye aliyenigeukia. "Niachie, wifi. Usijali." Alisema kama mtu anayeomba apishwe mlangoni. Vidole vyangu vikamtii kabla sijakubali.

Alisimama kule juu, uso ameelekeza nje. Chini mtu alikuwa anakung'uta shuka akipiga mluzi. Midomo ya kaka ikaanza kucheza. Ninaijua midomo ile, ndivyo anavyoyaonja maneno. Akaruka. Hapana. Akajitupa. Hapana. Nilikuwa nayasoma mdomoni mwake, na kwa kila neno nikaona vigimbi vya miguu ya wifi vikikaza, kisha vikilegea neno lilipokataliwa. Alikuwa anasogea. Vidole vya miguu vilikuwa vimeshapita ukingo.

"Kaka," nilisema. "Uliapa."

Hakunisikia. Alikuwa amelipata. Nililiona linamjia, uso mzima ukafunguka kwa furaha, na kalamu ikashuka kwenye karatasi.

Hapo wifi akasema. Hakugeuza kichwa. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma kitabu mbele ya watu, taratibu, kila neno na nafasi yake.

"Mwandishi alikuwa ameketi na kalamu yake. Hakujua kilichompata. Akakurupuka kitini."

Na kaka yangu akakurupuka. Nimemwona mtu huyu akiinuka tangu niko mdogo, najua anavyoanza na gongo, kisha kiwiko, kisha mguu mzima. Hakufanya hata kimoja. Kiti kilirudi nyuma kikagonga ukuta, karatasi zikatawanyika, na mguu uliopooza ndio uliotangulia. Gongo lilikuwa limeegemea kabati, halikuguswa. Alivuka sebule yote nikiwa bado naangalia pale alipokuwa.

"Akamkumbatia mkewe miguu," wifi alisema, "wala hakumwachia mpaka aliposhuka."

Kifua cha kaka kilijigonga kwenye ukuta wa roshani, mikono ikazunguka miguu ya wifi. Alimshika hivyo hivyo, shavu limebanwa kwenye kifundo cha mguu, macho yamemtoka, wakati wifi akigeuka, akitafuta stuli kwa unyayo, akishuka polepole kama daktari alivyomwagiza. Unyayo wake wa pili ulipogusa sakafu, kaka akamporomokea miguuni.

Nilifunga mlango wa roshani. Nikasukuma komeo. Kaka alikuwa sakafuni anaushika mguu wake kama kitu cha mtu mwingine.

"Umenifanya nini?" aliuliza.

"Unalonifanyia mimi."

"Maneno yale umeyatoa wapi?"

Wifi alikuwa anakunja godoro. "Umenisomea kila jioni tangu unioe," alisema. "Ulidhani mimi ni miguu tu?"

Kitabu kilitoka. Tarishi anafunguliwa lango, anatoka akitembea, anapita wauza mboga, basi. Wasomaji walilalamika sana kuhusu jalada, na mchapishaji hapandi tena zile ngazi. Wifi bado anashona kola, na cherehani yake haijafungwa kamba tena. Tepu anasema hajawahi kuona fundi aliyetulia kama yule.

Jumapili iliyopita nilikula kwao. Kaka alinieleza kwa sauti ya chini kwamba anafikiria kuandika tena, kitu kidogo, watu wachache, labda mpanda farasi mmoja. Wifi alikuwa dirishani na kazi aliyobeba kutoka karakana, anakata nyuzi kwa meno.

"Mwandishi akaacha hayo," alisema. "Akainuka kwenda kuchemsha chai."

Nilicheka. Halafu nikaona kaka hacheki. Mikono ilikuwa imeshamsukuma kutoka kitini, gongo amelipita, anakwenda jikoni kwa ule mguu, shingo ameigeuza nyuma anamtazama mkewe, anamwomba kwa macho asiendelee.

"Akawasha jiko," wifi alisema, na akachukua kola nyingine.